Ninaificha Krimu ya Daktari Ndani ya Sanduku la Kanga

Shikamoo Shangazi,

Nina umri wa miaka 37, ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nimeolewa na nina watoto wawili, msichana wa miaka 15 na mvulana wa miaka 6. Mume wangu anafanya kazi Dar es Salaam na huja nyumbani mwisho wa kila mwezi kwa siku nne au tano. Nakuandikia kuhusu uso wangu, jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa wengine, lakini limeninyima usingizi na sasa limeingia hata katika ndoa yangu.

Chunusi zilinianza baada ya kumzaa huyu mdogo, kwenye taya na kidevu, zile kubwa zenye kuuma ambazo zikipona huacha doa jeusi lisilotoka kwa miezi. Nakiri kwa aibu kwamba kwa karibu miaka miwili nilitumia mkorogo niliokuwa nikiununua kwa mama mmoja wa sokoni. Madoa yalififia upesi na uso ukang'aa. Mume wangu alipogundua tuligombana vibaya, akaniambia kwamba yeye hakuoa mtu wa rangi mbili, nami nikamwahidi kwamba sitajichubua tena.

Miezi mitano iliyopita nilikwenda kwa daktari wa ngozi, akaniandikia krimu ya tretinoini ya asilimia 0.025 na kunielekeza niipake usiku. Siku hiyohiyo niliutupa mkorogo. Sikumweleza daktari habari za mkorogo, wala sikumweleza mume wangu habari za daktari, kwa sababu niliona kwamba tyubu yoyote atakayoikuta mezani atasema ni mambo yale yale. Nikaificha ndani ya sanduku la kanga. Mume wangu akiwa nyumbani siipaki kabisa. Akishaondoka huipaka kwa wingi, asubuhi na usiku, ili nifidie siku zilizopotea. Ndani ya wiki tatu uso ulibabuka, ukawaka kama uliomwagiwa pilipili, ukatoka magamba, na chunusi zikaongezeka badala ya kupungua. Sehemu zilizobabuka sasa zimekuwa nyeusi kuliko madoa niliyokwenda kuyatibu.

Mdogo wangu anayeishi Muscat aliponiona kwenye simu alisema krimu yangu ni hafifu, akanitumia tyubu ya asilimia 0.1 ambayo yeye huitumia kwa ajili ya mistari ya pembeni ya macho, mistari ambayo nami nimeanza kuiona kwangu. Alisema pia kwamba krimu zikishindwa kuna vidonge vinavyomaliza chunusi kabisa, na akipata mtu wa kuja atanitumia. Tyubu hiyo ilifika wakati wa harusi ya binamu yangu, nami, nikidhani nitaondoa magamba, nikajisugua singo pamoja na wenzangu mpaka ngozi ikatoa damu.

Mume wangu alipokuja mwezi uliopita alinitazama, akauliza neno moja tu: "Umerudia?" Nikasema hapana. Akanyamaza, na kimya hicho kimeniumiza kuliko ugomvi wa mwanzo. Jambo jingine ni kwamba anatamani tupate mtoto wa tatu kabla sijafikisha miaka arobaini, nami natamani pia. Muda wa sindano yangu ya mwisho ya uzazi wa mpango umekwisha miezi miwili iliyopita, ingawa hedhi bado haijatulia. Na juzi nimemkuta binti yangu amejipaka ile krimu ya Muscat kwenye paji la uso.

Shangazi, je, niiache dawa hii au niendelee nayo? Na huyu mume nimwambie nini?

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa kuwa umeweka mambo mengi chini ya swali moja. Unauliza kama uiache krimu. Ninachokiona mimi ni ngozi iliyotoka katika mkorogo na kuingia katika dawa bila kupumzika, dawa inayopakwa kwa kufuata ratiba ya safari za mume badala ya ratiba ya daktari, mimba inayotarajiwa ambayo daktari haijui, na mume anayetazama uso wa mkewe na kuona ahadi iliyovunjwa, ilhali haikuvunjwa. Nilifanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya ngozi kwa miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua, na wanawake wenye hadithi inayokaribiana na yako niliwapokea wengi. Hakuna aliyekuwa mjinga. Walikuwa na haraka, na walikuwa na mtu wa kumficha.

Nitaanza na jambo ambalo wewe umelitaja kwa kupita, yaani vile vidonge vya mdogo wako. Vidonge vya jamaa moja na tretinoini yako, vinavyotumika kwa chunusi kali, ni isotretinoini. Ni dawa yenye nguvu kubwa, na imewasaidia watu wengi tangu mwaka 1982 ilipoidhinishwa Marekani, lakini ikinywewa wakati wa ujauzito, hata kwa muda mfupi, inaweza kuharibu masikio, uso, moyo na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana mwanamke anayepewa hupimwa mimba kabla ya kuanza na kila mwezi akiendelea, na hutakiwa kuzuia mimba kuanzia mwezi mmoja kabla ya kuanza, muda wote anapoitumia, na mwezi mmoja baada ya kuacha. Mahali pengine katika jibu hili nitakuachia uamuzi, mwanangu, lakini hapa nakusihi: vidonge hivyo visiingie nyumbani mwako kupitia mkoba wa msafiri. Mdogo wako anakupenda, na nina hakika hajui kwamba sindano yako imekwisha muda.

Krimu ni habari nyingine, kwa kuwa kiasi kidogo sana cha tretinoini ya kupaka ndicho kinachopita kwenye ngozi na kuingia katika damu. Hata hivyo, mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilielekeza kwamba retinoidi za kupaka, yaani jamaa ya dawa ambayo tretinoini ni mojawapo, zisitumiwe na mwanamke mjamzito wala anayepanga kupata mimba, na madaktari wengi hufuata tahadhari hiyo. Wewe kwa sasa uko katika kundi hilo la pili, na kwa kuwa hedhi yako haijatulia, huwezi kujua kwa kuhesabu siku kama umekwisha kuingia katika la kwanza. Kabla hujapaka tena chochote kutoka katika tyubu hizo mbili, pima mimba. Kipimo cha mkojo kinapatikana katika duka lolote la dawa. Ikiwa utakuta una mimba, usiingiwe na hofu kwa sababu ya krimu uliyokwisha kuipaka. Iache, kisha umweleze mkunga au daktari.

Sasa turudi kwenye uso wenyewe. Unasema kwamba dawa ya daktari ilikubabua, na mimi nataka tuliulize jambo hilo kwa upole, kwa sababu siku uliyoanza dawa ndiyo siku uliyoutupa mkorogo. Mikorogo mingi ya sokoni huwa na steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi, kama klobetasoli au betamethasoni, na mingine huwa na haidrokwinoni au zebaki, ndiyo maana vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini kwetu. Steroidi hutuliza ngozi kwa muda, huku ikiifanya nyembamba na kuizoesha. Siku ikikosekana ghafla, uso huwaka, huvimba na kutoa vipele kwa wiki au hata miezi, na steroidi yenyewe huweza kuwa chanzo cha chunusi. Inawezekana basi kwamba sehemu ya moto ulioupata ilikuwa ngozi yako ikiudai mkorogo, na tretinoini ikaangukia juu ya ngozi iliyokuwa tayari haina kinga. Daktari aliyekupa asilimia 0.025, ambayo kwa kawaida ndiyo ya chini kabisa, alikupa kipimo cha mtu anayeanza, lakini hakujua kwamba anayeanza ametoka wapi.

Sehemu nyingine ya moto huo ilitokana na namna ulivyoipaka. Kiasi kinachotosha uso mzima ni punje moja ya njegere, inayogawanywa kwa vitone kwenye paji, mashavu na kidevu kisha kusambazwa, nacho hupakwa usiku tu kwa kuwa mwanga wa jua huiharibu tretinoini, juu ya ngozi iliyooshwa kwa sabuni laini na kuachwa ikauke kwa dakika ishirini au thelathini. Ngozi huizoea dawa hii kwa kukutana nayo kidogo kidogo: usiku mmoja kwa kila siku tatu, baada ya wiki kadhaa usiku mmoja na kuruka mmoja, na wengine hawafiki kamwe kila usiku na bado hufaidika. Wewe ulikuwa ukiinyima ngozi dawa kwa siku tano kisha ukiipa dozi ya wiki kwa siku moja, mwezi baada ya mwezi, na kila mara ngozi ilikuwa ikianza upya na kuungua upya. Siku zinazorukwa hazifidiwi.

Singo nayo, ambayo mimi naipenda na nilisuguliwa nayo nilipokuwa mwari, si rafiki wa ngozi inayotumia retinoidi, kwa sababu dawa hulegeza tabaka la juu na kila kinachosugua huliondoa kabla ya wakati wake. Liwa iliyosagwa, manjano, ndimu, na hata kutoa nywele za uso kwa nta vinaweza kuchubua ngozi hiyo. Mafuta ya nazi pia yanaweza kuziba vitundu vya ngozi kwa mtu mwenye chunusi. Ninachokiamini ni mafuta mepesi yasiyo na manukato, na vaselini kidogo kwenye pembe za macho, pua na midomo, mahali ambapo dawa hujikusanya na kuunguza.

Kuhusu chunusi kuongezeka, hilo huwapata watu wengi katika wiki za kwanza hata wanapofuata maelekezo yote. Dawa huharakisha vitundu vilivyoziba chini ya ngozi kujitokeza, na mtu hudhani imemdhuru wakati ndiyo kwanza imeanza kazi. Kwa kawaida chunusi hupungua baada ya wiki nane hadi kumi na mbili za kupaka kwa utaratibu, na madoa huchukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1993 watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kutibu madoa ya namna yako hasa, yanayoachwa na uvimbe wa ngozi, kwa watu weusi 54 waliofuatiliwa kwa wiki 40: waliotumia tretinoini madoa yao yalififia kuliko ya waliopaka krimu tupu, ingawa karibu nusu yao waliwashwa na kuchubuka, na usumbufu huo ukapungua kadiri muda ulivyokwenda. Nakutajia wiki hizo 40 kwa makusudi, mwanangu. Mkorogo ulikuzoesha kuona mabadiliko kwa siku saba, na nadhani bado unaipima dawa ya kweli kwa mizani ya mkorogo. Ngozi yetu nyeusi ikiunguzwa hujibu kwa weusi, kwa hiyo kila unapoongeza kipimo ili doa litoke upesi, unalipanda doa jingine.

Ndiyo maana asilimia 0.1 ya mdogo wako, ambayo ina nguvu mara nne ya ile uliyoandikiwa, inanitia wasiwasi kwa uso kama wako wa sasa. Haimaanishi kwamba mdogo wako anaitumia vibaya. Ngozi yake ni yake. Hata ile mistari ya macho sitaibeza, kwa kuwa dawa hii, iliyoidhinishwa Marekani kwa chunusi mwaka 1971, ilikuja kujulikana kwamba husaidia mikunjo baada ya wagonjwa wa chunusi wenye umri mkubwa kumwambia Daktari Albert Kligman wa Pennsylvania kwamba ngozi zao zimekuwa laini. Huamsha utengenezaji wa kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, na kinyume cha steroidi, haiifanyi ngozi iliyo hai kuwa nyembamba. Lakini mistari hiyo huletwa zaidi na jua, na mwalimu wa Tanga anayesimama uwanjani kila asubuhi ana jua la kutosha. Mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, hasa yale yenye rangi ya ngozi ambayo huzuia pia mwanga unaokoleza madoa, pamoja na mtandio na mwavuli, yatakufaa ukitumia retinoidi na yatakufaa usipotumia. Watu wengi hudhani mafuta hayo ni ya wazungu tu, ilhali hospitali ya KCMC kule Moshi hutengeneza ya kwetu kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino.

Njia zilizo mbele yako naziona kama ifuatavyo, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kuacha retinoidi zote sasa, ukaiacha ngozi ipone kwa mafuta laini na kinga ya jua, kisha ukamwomba daktari dawa inayokubalika kwa mwanamke anayetafuta mimba. Asidi ya azelaiki ni mojawapo, nayo husaidia chunusi na madoa pia, ingawa si haraka na hugharimu fedha. Gharama nyingine ya njia hii ni kwamba chunusi zinaweza kuendelea kukusumbua kwa miezi, na mimba yenyewe huzipunguza kwa wengine na kuzizidisha kwa wengine. Unaweza badala yake kukubaliana na mume wako kusogeza mbele suala la mtoto, ukarudi kwenye uzazi wa mpango, na kuianza upya ile ya asilimia 0.025 kwa utaratibu chini ya uangalizi. Lakini una miaka 37, na muda wa uzazi si kitu ambacho ningethubutu kumwambia mwanamke mwingine aupime kwa ajili ya madoa. Wapo pia wanaochagua kutafuta mtoto kwanza na kuirudia retinoidi baada ya kunyonyesha. Ni mwili wako na ndoa yako, na sijui ni lipi kati ya haya linakuuma zaidi ukiwa peke yako usiku.

Hapo ndipo mume anapoingia. Umedhani kwamba akiiona tyubu atasema ni yale yale, na huenda ni kweli, kwa kuwa kwa mtu asiyejua, krimu ni krimu. Lakini jiulize anachokiona sasa: mke mwenye uso uliobabuka, anayesema hapana bila maelezo. Swali lake la neno moja linaweza kuwa shutuma, na linaweza pia kuwa woga wa mtu aliyekwisha kuona ukiumia. Wewe unamjua, mimi simjui. Kumweleza kuna hatari yake, kwani anaweza kukasirishwa na miezi mitano ya siri kuliko na dawa yenyewe, na ikiwa kuna wakati aliwahi kukutisha au kukuumiza kwa hasira, basi usimweleze mkiwa wawili peke yenu, na uniandikie tena. Ikiwa si hivyo, pengine itakuwa rahisi zaidi kuanza na habari ya mtoto mnayemtaka wote wawili, ukamwambia kwamba kuna dawa uliyoandikiwa na daktari ambayo haiendi pamoja na mimba, na ukamwonyesha cheti chenyewe chenye tarehe. Wengine huona ni vyema mume asikie kutoka kwa daktari. Kutoiambia nyumba yako chochote nayo ni njia, lakini umeona jinsi sanduku la kanga lilivyoiharibu ratiba ya dawa, na sioni namna ya kuipaka kwa usalama dawa inayofichwa siku tano za kila mwezi.

Utakaporudi kliniki, mfikirie daktari kama mtu aliyefungwa macho mara ya kwanza. Mpelekee tyubu zote mbili, umtajie mkorogo bila kupunguza miaka, umpe tarehe ya sindano ya mwisho na ya hedhi ya mwisho. Hatakushangaa. Mwombe akuandikie kwenye karatasi usiku gani upake na kiasi gani, kwa sababu neno "usiku" peke yake halikutosha.

Binti yako naye usimgombeze. Chunusi za miaka 15 zina tiba, na zipo retinoidi ambazo madaktari huwapa hata vijana wa umri wake, lakini si asilimia 0.1 ya mama mdogo. Amekuwa akikutazama ukijificha na kioo, na amechukua alichoona mama yake anakithamini. Mwende naye.